Uhai wa pili wa nyani: Black Myth: Wukong kwenye mashine ya pembeni, Kondele

Nina saiba ndogo hapa Kondele, Kisumu, mashine sita, na ya sita ni yangu mwenyewe, iko pembeni karibu na ukuta na mteja haigusi. Mchana kutwa ni kazi za watu: kujaza fomu, kuchapa barua za kuomba kazi, kuskani vitambulisho, kumsaidia mzee aliyesahau nywila kwa mara ya nne mwezi huu. Ikifika saa mbili usiku nashusha mlango nusu, nawasha feni, nachomeka padi kwenye ile ya pembeni. Hivyo ndivyo nilivyoicheza Black Myth: Wukong kwa miezi mitatu hadi nikaimaliza. Katika gemu lote hilo kuna jambo moja ninalotaka kulieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililonikalisha pale hadi mbu wakanijua kwa jina: namna unavyogeuka kiumbe kingine katikati ya pigano, ukapigana kwa mwili usio wako, kisha ukarudi.

Kwa ambaye hajaliona: ni gemu la Kichina, limetengenezwa na Game Science, likatoka tarehe 20 Agosti 2024 kwa kompyuta na PS5, na mwaka mmodi baadaye likafika kwenye Xbox. Siku tatu za kwanza zilitosha kuuza nakala zaidi ya milioni 10. Unacheza kama nyani mwenye fimbo anayefuata nyayo za Sun Wukong, yule mfalme wa nyani wa hadithi za kale za Wachina, ambaye husimuliwa kwamba alijua kujigeuza kwa namna 72. Gemu halikupi 72. Linakupa maumbo yapata kumi ya kuingia na kutoka. Nilipojua hivyo mwanzoni nilihisi nimepunjwa. Sasa naona kumi yanatosha kabisa, maana kila umbo lina uzito wake, na mengine sikuyamaliza kuyajua hata baada ya kufika mwisho.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ukijigeuza, mstari wako wa uhai unawekwa kando na umbo jipya linakuja na wake. Kipigo utakachopigwa kinamwangukia yule uliyemvaa, si wewe. Nguvu za umbo zikiisha, ama kwa muda kuyoyoma ama kwa kupigwa, unarudi kuwa nyani, na uhai wako uko pale pale ulipouacha. Ukiwa umegeuka huwezi kunywa dawa ya kibuyuni, wala huwezi kutumia uchawi wako mwingine, kama ule wa kumgandisha adui au ule wa kupuliza nywele zikawa nyani wenzako. Na ukisharudi unangoja sana kabla hujaweza kugeuka tena.

Yasome tena hayo maneno, kuhusu uhai kubaki pale pale. Mimi ilinichukua wiki nzima kuyaelewa, na kabla ya hapo nilikuwa natumia umbo vibaya kama wanavyolitumia wachezaji wengi niliowatazama: pigano linaanza tu, mtu anageuka. Anamwaga moto wote katika dakika ya kwanza, adui akiwa bado ana nguvu zake zote, na mambo yanapokuwa magumu hana tena pa kujificha. Umbo unaliweka kwa ajili ya pale ambapo umeishiwa. Ni uhai wa pili uliokopeshwa, na mkopo huchukui siku ambayo una pesa mfukoni.

Umbo la kwanza linaitwa Red Tides. Linatoka kwa Guangzhi, mbwa mwitu mwenye silaha ya makali pande mbili inayowaka moto, na yuko sura ya kwanza kabisa, msituni, lakini kando ya njia. Ukikimbilia mbele utampita. Vijana wawili wanaokuja hapa saibani walimaliza sura nzima bila kumwona, wakawa wananiuliza mimi nimenunua wapi yule mbwa wa moto. Hanunuliwi. Rudi nyuma umtafute, umshinde, na mwili wake unakuwa wako.

Sasa nifike kwa chui.

Sura ya pili ni nchi ya mchanga na upepo wa njano, na ndani ya hekalu moja kuna dimbwi la damu, na kwenye dimbwi kuna Tiger Vanguard. Jina lake linasema simbamarara, ila huyu binamu yangu alimwita chui na chui akabaki. Binamu yangu ni mtoto wa shangazi, kidato cha pili, alikuwa amekuja kwangu likizo ya Agosti na kila usiku alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma yangu akila karanga. Usiku huo nilipigwa mara kumi na tisa. Nilihesabu kwa sababu yeye alikuwa anahesabu kwa sauti. Chui yule ana mbinu inayovunja moyo: unamshambulia, na fimbo ikikaribia kumgusa mwili wake unakuwa jiwe. Fimbo inagonga mwamba, wewe unapepesuka, yeye anaachia jiwe na kukurarua.

Mara ya kumi na nne hivi, binamu akaacha karanga akasimama. "Omera, huyu ni Luanda Magere! Mpige kivuli!"

Tulicheka, lakini nilipoendelea kucheza nikaona kwamba yule kijana amesema kitu. Sisi Wajaluo wa upande wa Kano tumelelewa na hadithi hiyo. Nyanya yetu alikuwa akiisimulia polepole, akisimama kila alipofika kwenye mkuki. Luanda Magere alikuwa shujaa ambaye mikuki ilimgonga mwilini ikaanguka kama imegonga mwamba. Maadui zake, Walang'o, walishindwa vitani wakampa binti mrembo awe mke. Siku alipougua, alimwambia mke achanje kivuli chake apake dawa, asihangaike na mwili. Yule mwanamke akachanja kivuli, damu ikatoka. Akatoroka usiku akawaeleza watu wake, na vita vilivyofuata mkuki ukalengwa kivulini. Alipoanguka akawa jiwe, na jiwe lenyewe bado lipo Kano, watu wanakwenda kuliona. Nyanya alikuwa akisema wawindaji wakinoa mikuki yao pale hawarudi mikono mitupu.

Basi nikajiuliza, kivuli cha chui huyu kiko wapi? Nikaacha kumkimbilia. Nikawa namtazama tu, nakwepa, natazama. Kivuli chake ni pale jiwe linapomtoka. Kuna kitambo kidogo, mpigo mmoja wa moyo, ambapo ameachia ugumu na hajaanza kurarua. Hapo nyama ni nyama.

Mara ya ishirini nilimfikisha nusu ya uhai nikiwa sijagusa umbo. Dawa ya kibuyuni ikaisha. Nikapigwa kofi moja nililopaswa kulikwepa, na mstari wangu ukabaki kama upana wa ukucha. Chui akajikunja aruke. Kijana nyuma yangu alikuwa amenyamaza kabisa. Nikabonyeza. Nyani akatoweka, na chui aliposhuka na uzito wake wote akamkuta mbwa mwitu. Kofi ambalo lingeniua lilimega kipande tu cha uhai wa yule mbwa, na mara hiyo hiyo ile silaha ikazunguka, mara moja, mara mbili, moto ukaanza kumshika chui manyoyani. Hili ndilo ninalolipenda kuhusu Red Tides: moto hukusanyika. Mapigo ya kwanza hayaonyeshi kitu, halafu ghafla adui mzima anawaka na mstari wake unaendelea kupungua hata ukiwa umekaa mbali unamtazama. Nilimpiga alipoachia jiwe, nikakwepa, nikampiga alipoachia jiwe. Nguvu za umbo zikaisha kwa kofi la pili.

Nikarudi kuwa nyani. Ukucha ule ule wa uhai. Hakuna nilichoongezewa, hakuna nilichopunguziwa. Chui naye alikuwa amebaki na kidogo tu, na bado anaungua. Nilisimama mbali nikihesabu pumzi zangu, nikaingia mara moja tu, fimbo ile nzito ya kulimbikiza. Akaanguka kwenye dimbwi.

Binamu alipiga mayowe mpaka mlinzi wa jengo akaja kugonga mlango.

Na sikiliza watengenezaji walivyofikiri: ukimshinda yule chui, gemu linakupa jiwe lake. Uchawi unaitwa Rock Solid. Sasa ni wewe unayekuwa mwamba, kwa kitambo kidogo, na adui ndiye anayegonga akapepesuka. Lakini uwahi kwa usahihi; ukijigeuza mapema jiwe litakuwa limekwisha kabla kofi halijafika, na ukichelewa umeshapigwa. Udhaifu niliouona kwa chui ndio huo huo nilioukuta ndani yangu nilipovaa mwili wake. Nimecheza magemu mengi, na ni machache yanayokufundisha kitu kwa kukupigisha nacho kwanza kisha yakakuwekea mkononi.

Nieleze nimetoka wapi ili mjue ninapima kwa mizani gani. Nilianza kujigeuza ndani ya magemu kwenye PS2, katika banda moja la video Manyatta, miaka ile ya kulipa kwa dakika. God of War II ilikuwa ya 2007, na sote tulijua kubonyeza vijiti viwili vya padi kwa pamoja ili Kratos, shujaa wa gemu hilo, awake hasira. Ilikuwa tamu, lakini haikuwa na gharama. Ikijaa unaiwasha, ikiisha unaijaza tena.

Iliyonifundisha gharama ni Kingdom Hearts II. Pale Sora, kijana unayemcheza, ana maumbo ya kupigania, na kuingia umbo humeza mwenzake: ukitaka lile jekundu la mapanga mawili, Goofy anatoweka uwanjani mpaka urudi. Na kuna umbo ambalo hukulichagua. Ukizoea kujigeuza mno, siku moja unabonyeza na badala ya ulichokitaka unakuwa kivuli cheusi chenye macho ya njano, kinakwenda kwa miguu minne, kina kasi ya ajabu, hakiwezi kujitibu, na huwezi kukiacha kwa hiari. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilipoona kile kivuli mara ya kwanza niliweka padi chini. Mpaka leo naona lile ni wazo bora kuliko yote niliyowahi kukutana nayo katika jambo hili, na Wukong haina kitu kama hicho. Ningependa ingekuwa nacho.

Skyrim nayo, ya 2011, ilinipa mbwa mwitu wa namna nyingine. Ukishaambukizwa unaweza kugeuka mara moja kwa siku, kwa sekunde 150, na kila maiti unayoila inakuongezea muda. Huwezi kufungua mfuko, huwezi kunywa dawa, na watu wa mjini wakikuona hivyo wanakukimbia au wanakushambulia. Nguvu ilikuja na njaa na aibu, na zote mbili ziliniingia. Upungufu wake ulikuwa kwenye kupigana kwenyewe: kwaruza, kwaruza, kwaruza. Mkono haujifunzi kitu.

Wukong ndiyo inayoshinda kwenye mkono. Kila umbo lina mapigo yake, mwendo wake, namna yake ya kukwepa. Azure Dust, ambalo linapatikana sura ya pili kwa mtu aliyenaswa ndani ya jiwe anayekuomba msaada, ni kama kuendesha lori la mawe kutoka Awasi: polepole, halisikii breki, lakini halitikiswi. Mtu aliyezoea wepesi wa yule wa moto atalichukia siku mbili za kwanza. Mimi nililichukia siku tatu. Kisha nikakutana na adui wa mapigo mengi mepesi mepesi, yule anayekukatiza kila ukinyanyua mkono, na nikaona jiwe linasimama katikati ya mvua hiyo ya mapigo likinyanyua mkono wake taratibu kana kwamba hakuna mtu. Siku hiyo nililisamehe.

Kuna pia roho, ambazo ni ndogo kuliko umbo. Unavaa mwili wa adui uliyemshinda kwa pigo moja tu kisha unarudi. Ya kwanza niliyoipenda ni ya lile jitu la kichwa kikubwa linalozurura msituni sura ya kwanza, Wandering Wight. Unageuka, kichwa kinashuka kama shoka la kupasulia kuni, umerudi. Sekunde mbili. Ukiwa na umbo na roho kwa pamoja una mbinu mbili za kuponea, na nashauri roho uitumie kwa ukarimu na umbo kwa ubahili.

Malalamiko ninayo. La kwanza ni kungoja. Ukishatumia umbo, mapigano mengi yanakwisha kabla halijarudi, kwa hiyo kwa kweli ni mara moja kwa kila bosi, yaani kila adui mkubwa. Naelewa sababu, na nusu ya utamu wa usiku ule wa chui umetoka humo, lakini kwa mabosi wenye uhai mrefu wa sura za mwisho ningetaka lirudi walau mara ya pili. La pili, unabeba umbo moja tu kwa wakati. Kulibadilisha mpaka ukae kwenye kituo cha kupumzikia. Ndiyo maana wengi hukwama na la moto hadi mwisho ingawa makali yake hupungua kadiri maadui wanavyokomaa, na hayo mengine wanayaacha yakiota vumbi. La tatu ndilo linaloniuma zaidi: maumbo mengi yamefichwa nyuma ya shughuli za pembeni ambazo hakuna anayekuelekeza. Kipindi lilipotoka halikuwa hata na ramani. Ramani ililetwa na sasisho la Desemba 2024, na kabla ya hapo nilikuwa najichorea kwenye karatasi za printa zilizoharibika.

Hakuna kuchagua ugumu wala wepesi. Kiswahili hakimo katika lugha zake. Kuta zisizoonekana ni nyingi, unaona njia, unaenda, unagonga hewa.

Kuhusu mashine, maana najua mtaniuliza. Kiwango cha chini wanachotaka ni RAM ya gigabaiti 16, kadi ya grafiki kama GTX 1060 au RX 580, na nafasi ya gigabaiti 130 kwenye diski. Mimi nina RX 580 ya mitumba, picha nimeziweka chini kabisa, na inakwenda fremu thelathini na kitu kwa sekunde. Inatosha kukwepa. Weka kwenye SSD, ile diski ya kasi, ukiweza. Mara ya kwanza ukiwasha inajiandaa kwa muda mrefu sana. Usidhani imekwama ukazima. Bei kwenye Steam, duka la magemu la mtandaoni, ni dola 59.99, ambazo kwa dola ya shilingi 129 ni kama 7,700. Hizo ni pesa. Kwa hiyo kabla hujalipa, pakua kwanza ile programu yao ya bure ya kupimia kompyuta, iko pale pale Steam, itakuonyesha mashine yako itaendaje. Na ukinunua ukaona haiendi, Steam hurudisha pesa mradi hujacheza zaidi ya saa mbili na hazijapita siku 14.

Stima zikipotea, na mnajua zinavyopotea hapa mvua ikianza kutoka ziwani, utarudi kwenye kituo cha mwisho ulichopumzika. Mimi zilinipotea bosi akiwa amebakisha robo. Nilikaa gizani nikiwa nimeshika padi mpaka feni ikaacha kuzunguka. Baada ya hapo nikanunua betri ya akiba ya kompyuta, na hiyo nayo iweke kwenye hesabu yako.

Hukumu yangu: kama unapenda kujigeuza katika magemu kama ninavyopenda mimi, hili linafaa shilingi zake zote. Nalipatia alama nane na nusu kwa kumi. Nusu nimeikata kwa sababu ya kungoja, na moja kwa sababu ya maumbo yaliyofichwa.

Binamu alirudi shule wiki iliyofuata. Likizo ya Desemba alikuja na daftari, amechora chui akiwa nusu jiwe nusu nyama, na chini yake kivuli kirefu kilichochomwa mkuki. Nimelibandika juu ya ile mashine ya pembeni. Sasa yeye ndiye anayeshika padi usiku na mimi ndiye ninayekaa kwenye kiti cha plastiki. Yuko sura ya tatu, kwenye theluji. Bado anageuka mapema mno, nami namwachia, karanga ziko kwangu.